Cheti cha Sarafu ya Mgiriki

Nilikosea siku ya Jumatatu, na kufikia Jumanne asubuhi nilikuwa nimeshajua kwamba nimekosea. Naanzia hapo kwa sababu wanaonifahamu husema najilaumu kwa mambo ambayo hayapo. Safari hii jambo lilikuwepo, limeandikwa kwa kalamu ya bluu, na chini yake palikuwa na sahihi yangu.

Nilikuwa nimepanga chumba cha juu kabisa, chini ya paa, katika nyumba ya mume na mke kutoka Lubumbashi, hapa Forest, mtaa wa Brussels. Mume nilimwita tonton, yaani mjomba, na mke maman, kama walivyoitwa na kila aliyekuwa mdogo kwao. Watoto wao walikuwa wameshaondoka kwenda kwenye maisha yao. Mimi ni Mtanzania. Nilikuja kusoma mambo ya kale, nikahitimu, nikapewa mwaka mmoja wa kutafuta kazi kabla kibali hakijaisha. Miezi saba ilikuwa imepita. Nilikuwa nimejifunza kuandika barua ya maombi kwa Kifaransa bila kufungua kamusi, na kusoma barua ya kukataliwa kwa kutazama mstari wa pili tu.

Tonton alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha magari, mpaka kilipofungwa. Wiki za mwanzo alitengeneza kila kilichoharibika nyumbani: bomba la jikoni, kengele ya mlango, baiskeli ya jirani ambaye hakuwa amemwomba. Kisha vitu vya kutengeneza vikaisha. Akawa anakaa dirishani akitazama barabara, na ukimsalimia anaitikia kwa adabu, kama mgeni.

Maman alitafuta sababu ya milango ya riziki kufungwa, na kikundi chake cha maombi kilikuwa na jibu. Walitangaza wiki ya usafi. Kila mama apekue nyumba yake, atoe vitu vya mizimu vilivyojificha, avitie kwenye katoni na kuvileta Jumapili. Zamani, kule nyumbani, vitu hivyo vilichomwa. Hapa kanisa lilikuwa linapanga ukumbi katika ghala la zamani, na mwenye ghala alikataza moto, kwa hiyo vitu viliombewa na kufungwa kwa jina la Yesu, kisha vikapelekwa kituo cha taka cha manispaa, kila kimoja kwenye kontena lake: mbao na mbao, chuma na chuma.

Sarafu ya tonton ilikuwa ndani ya kikopo cha pipi za kifua, kwenye droo ya soksi. Baba yake alikuwa dereva wa lori la samaki la Mgiriki mmoja wa Kasenga, mtoni Luapula. Yule Mgiriki alipofunga duka na kuondoka, alimshika mkono dereva wake na kumwachia sarafu kiganjani, akisema ni ya kwao, na ni ya zamani kuliko makanisa yote. Dereva alikuja kumwachia mwanawe. Vitu vingine vyote vya mzee yule vilipotea katika kuhamahama. Hata picha yake hakuna.

Jumatatu jioni waliniita jikoni. Sarafu ilikuwa katikati ya meza, juu ya kitambaa cha kufutia vyombo.

"Ma fille, binti yangu," maman alisema, "weye umesoma hivi vitu. Uyu ku sarafu ni nani? Ni mungu ao ni mfalme?"

"Tofauti yake ni nini, maman?"

"Mfalme ni muntu tu. Bwana Yesu mwenyewe alishika sarafu ya Kaisari, hakuitupa mu poubelle. Lakini kama ni mungu ya bapagani, inaenda mu carton. Dimanche."

"Mungu gani anavaa kofia?" tonton alidakia. "Mungu anasikia baridi? Angalia, mwana. Ngozi ya simba ku kichwa. Kwetu muntu akivaa nyama ya pori ku kichwa ni chef, point final."

"Papa, sikukuuliza weye."

"Weye unavaa picha ya pasta ku kitenge ya pagne, mbele na nyuma! Kila dimanche unakalia uso yake mu kanisa. Ile haina shida. Kasarafu ya papa yangu ndiyo inafunga milango?"

"Pasta haabudiwi!"

"Ah bon?"

Sikuwa nimewahi kumsikia tonton akipandisha sauti tangu nihamie. Alikuwa amesimama, mikono yake mikubwa imeshika ukingo wa meza, na alikuwa ananitazama mimi.

Niliichukua. Upande wa mbele, kichwa cha kijana kinachotazama kulia, kimevikwa ngozi ya kichwa cha simba, taya limezunguka shavu, miguu ya mbele ya mnyama imefungwa kooni. Upande wa nyuma, mwanamume ameketi kwenye kiti, ana fimbo ndefu mkono mmoja na tai kwenye mkono mwingine, na nyuma yake maandishi ya Kigiriki: jina la Aleksanda. Ningeweza kusema nipeni siku moja. Badala yake niliona walichokuwa wanakiona wao: ngozi, kiti, fimbo. Hata mimi, picha za machifu nilizozikuta katika vitabu vya shule ya msingi zilikuwa za watu waliovaa ngozi na kuketi.

"Ni Aleksanda," nilisema. "Mfalme wa Makedonia. Na nyuma ni yeye tena, ameketi kwenye kiti chake."

"Unaona!" tonton akapiga meza. "Chef!"

Maman hakuridhika na mdomo. "Andika. Nataka attestation."

Nikaandika, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, kwamba mimi, mhitimu wa mambo ya kale, nimeichunguza sarafu hii na kuona kwamba inaonyesha mfalme pande zote mbili. Maman aliisoma akauliza mhuri uko wapi. Nikamwambia sina mhuri, sina hata kazi. Akafungua droo, akatoa mhuri wa chama cha akina mama wa Katanga, ambacho alikuwa katibu wake, akaugonga kando ya jina langu. Kisha akaikunja karatasi na kuitia kwenye mkoba wa kanisani.

Jumanne asubuhi nilikuwa nimesimama mbele ya mashine ya kufulia. Nguo zilikuwa zinazunguka, nami nikawa nawaza slaidi za darasani, kama ninavyofanya nikitaka kutulia. Ikaja slaidi yenye sarafu ileile. Chini yake yalikuwa maneno mawili, Herakle na Zeu, miungu wa Wagiriki. Nilikuwa nimejibu swali hilo kwenye mtihani, na kupata alama zote.

Nilikaa sakafuni. Kwanza niliwaza kwamba pasta ataipiga picha sarafu na kuitafuta kwenye simu, na maman ataitwa mwongo mbele ya akina mama wote. Kisha nikawaza kwamba siku moja nitapata usaili, na mezani mbele ya wale wanaonihoji kutakuwa na karatasi yenye mhuri wa akina mama wa Katanga. Nikawaza pia kwamba labda nimekosea kuwaza kwamba nimekosea. Mashine iliposimama, nilibaki na jambo moja tu, nalo lilikuwa rahisi kulieleza: nikinyamaza, tonton anabaki na kitu pekee alichoachiwa na baba yake. Nikisema, kinakwenda kwenye kontena la chuma.

Nilimwomba tonton aniazime sarafu, nikimwambia nataka kumwonyesha mwalimu wangu wa zamani wa sarafu. Alinipa bila swali, akijigamba kidogo. "Mwambie ni ya camion ya samaki."

Mwalimu alinipangia Alhamisi. Ofisi yake haiko mbali na Chaussée de Wavre, na kwa kuwa nilifika mapema mno, kama kawaida yangu, nilitembea barabara ile mara mbili, mkono mfukoni, kikopo kikiwa ndani ya ngumi. Madirishani mwa maduka vitambaa vilikuwa vimetundikwa kwa mafungu, na katika duka moja palikuwa na pagne zenye nyuso: rais mmoja aliyekwisha kufa, rais mwingine aliyepo, mtakatifu mwenye miali kichwani, mume na mke wa kanisa fulani waliokuwa wakitimiza miaka ya ndoa. Wote walikuwa kwenye duara, wote wamezungushiwa maandishi. Kwa umbali hukuweza kusema yupi anaombwa na yupi anapigiwa kura. Nilifurahi kwa dakika kama mbili, nikidhani nimepata hoja ya kunisaidia. Kisha nikakumbuka kwamba mwalimu wangu hapendi hoja za dirishani.

Mwalimu alikifungua kikopo, akainusa sarafu kwanza.

"Kwa nini inanuka saladi?"

Nilimweleza kwamba maman aliipaka mafuta ya upako Jumatatu jioni, kwa usalama, ikiwa mfalme mwenyewe alikuwa na pepo. Mafuta ya upako ni ya zeituni. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Alisema wakusanyaji wa zamani nao walikuwa wakiloweka sarafu katika mafuta ya zeituni ili uchafu ulegee, na kwamba yeye huwakataza, na nimfikishie maman katazo hilo. Kisha akaiweka chini ya lenzi, akaigeuza upande wa pili.

"Ni ya kweli," alisema. "Imechakaa. Hapa ukingoni imepigwa patasi: mtu wa zamani alitaka kuona kama ni fedha mpaka ndani. Ilikuwa fedha."

"Na sura?"

"Jibu unalijua."

"Kuna wanaosema kwamba wachongaji walianza kumfananisha Herakle na Aleksanda mwenyewe."

"Wapo. Na wewe unataka wawe sahihi. Kwa nini?"

Nikamweleza yote: katoni, Jumapili, mhuri. Hakucheka tena. Aliniuliza tu ningeandika nini kama isingekuwa sarafu ya mtu ninayemjua.

Nilirudi Forest kwa miguu, na njiani nikajieleza mwenyewe somo lote, kana kwamba nina wanafunzi. Sura ya Herakle ilikuwa kwenye sarafu za wafalme wa Makedonia hata kabla Aleksanda hajazaliwa. Ukoo wao ulidai kwamba ni babu yao. Aleksanda akaiendeleza, na nyuma akamweka Zeu ameketi, baba yake Herakle. Yeye mwenyewe aliweka jina tu. Alipokufa, majenerali wake wakaanza kutoa sarafu zenye sura yake, lakini wakamwotesha pembe za kondoo dume juu ya sikio, alama ya mungu, kana kwamba waliona haya kuweka mtu wa kawaida tu kwenye fedha. Baadaye haya ikawaishia, wakaweka nyuso zao wenyewe, na pua zao na videvu vyao. Mfalme aliingia mahali pa mungu polepole, sarafu baada ya sarafu. Sarafu ya tonton ilipigwa kabla mfalme hajafika hapo.

Ijumaa sikusema kitu. Nilirudisha kikopo, nikasema mwalimu ameipenda, na hilo lilikuwa kweli. Jumamosi maman alikuwa jikoni anakata vitunguu vya sombe, yaani kisamvu, tonton anasoma gazeti la matangazo, nikaona kwamba nikisubiri zaidi itakuwa Jumapili.

"Maman, ile karatasi nimeikosea."

"Umekosea nini? Kifaransa?"

"Hapana. Mtu."

Kisu kikasimama.

"Yule mwenye ngozi ya simba si mfalme. Ni Herakle. Wagiriki walimwabudu, walimjengea mahekalu. Na aliyeketi nyuma ni Zeu. Mfalme ni jina tu, pembeni."

"Zeu?" maman alisema. "Zeu ya mu Maandiko? Ule walitaka kuchinjia mitume ng'ombe kwa jina yake, mitume wakapasua nguo?"

"Huyo huyo."

"Na weye ukamwandika mfalme. Pande mbili."

"Ndiyo, maman."

Tonton aliweka gazeti chini. Nilitegemea kelele. Alisema taratibu, "Mwana, tuliomba ukweli? Tuliomba karatasi."

"Papa, acha mutoto. Ma fille, na kwa nini unatuambia?"

Nilikuwa nimeandaa sababu nyingi nikizipanga kwa uzito. Iliyotoka ilikuwa, "Kwa sababu jina langu liko chini."

Maman aliweka kisu chini. Akanawa mikono, akaleta mkoba wa kanisani, akatoa cheti, akakipasua mara mbili na kuniwekea karatasi mpya. "Corrige." Nikaandika: mbele, Herakle, nyuma, Zeu, sarafu ni ya kweli na ya zamani sana. Maman akagonga mhuri uleule. Tonton hakuwepo tena jikoni. Tulisikia kiti kikisogezwa dirishani.

Jumapili asubuhi katoni ilikuwa karibu na mlango wa mbele. Ndani mlikuwa na kikuku cha shaba cha bibi yake maman, chupa ya dawa ambayo hakuna aliyekumbuka ilitibu nini, na kinyago ambacho mtoto wao wa kiume alikinunua hapahapa Brussels, kwenye soko la vitu vya zamani, kwa Mbelgiji. Nilikuwa nashuka ngazi tonton alipotoka chumbani na kikopo. Hakukifungua. Alikiweka katikati ya kikuku na chupa, akakisawazisha ili kisianguke, akavaa koti, akachukua kapu na kwenda sokoni Gare du Midi, kama kila Jumapili. Hakunitazama. Maman aliyaona yote akiwa mlangoni mwa jikoni.

Nilirudi juu nikajilaza na viatu. Niliwaza kwamba kuna watu wangenyamaza na kuendelea kuishi vizuri.

Mnamo saa sita hivi nilisikia hatua nzito ngazini, zikisimama kila baada ya vidato vichache. Maman hakuwahi kupanda mpaka chumbani kwangu. Magoti yake hayakumruhusu. Alikuwa ameshavaa za kanisani, uso wa pasta kifuani, na alikuwa amekasirika.

"Amerudi sokoni," alisema, akihema. "Ameleta nyanya. Nimemuuliza umenunua bei gani. Unajua amesema nini? Amesema bei waliyomwambia."

Sikuelewa.

"Ma fille! Ule muntu iko na miaka makumi mbili anapigana na bauzaji ya Midi. Anarudi hapa na kilo tatu ya tomates na hadithi ya saa moja. Leo amelipa bei waliyomwambia! Hakubishana!" Akakaa kwenye kiti changu pekee. "Jumatatu alinipigia kelele juu ya pasta. Mimi nilikasirika, lakini mu roho nilisema, merci Seigneur, asante Bwana, amefufuka. Na sasa ameweka kasarafu mu carton yeye mwenyewe, pole pole, kama mutoto wa catéchisme. Mwanaume wa vile ananiogopesha kuliko Zeu."

Alitoa kikopo kutoka ndani ya mkoba.

"Polisi ya quartier, siku alikuya kuhakikisha kama unaishi hapa. Aliandika nini ku mlango yako?"

"Boîte 3," nilisema: boîte trois, sanduku langu la barua.

"Na chini, kwetu?"

"Boîte 1."

"Donc hapa si kwangu."

"Kisheria, maman, inategemea, kwa sababu wenye nyumba bado ni nyinyi..."

"Nimekuuliza sheria? Kuko boîte yake, kuko sonnette yake, kengele ku mlango, unalipa loyer yako. Ni nyumba ya muntu mwingine." Akakiweka kikopo mezani, juu ya barua zangu za maombi. "Weye unaogopa Zeu?"

"Naogopa wezi. Na unyevu."

"Bon. Ile tutaiombea." Alisimama, akashika fremu ya mlango, na hapo hasira ilimtoka usoni. "Pasta akiuliza, nitasema kweli: ilikuwa Zeu, na haiko tena mu nyumba yangu. Nadanganya?"

Lilikuwa swali la aina yangu. Nililizungusha kichwani: namba za mlangoni, mkataba, katoni iliyokuwa ikisubiri chini, mzee wa lori la samaki.

"Hapana, maman," nilisema. Sikuomba muda wa kuhakikisha.

Walikwenda kanisani pamoja, katoni kwenye buti ya gari. Waliporudi nilisikia hatua nyingine ngazini, na sauti ikitangulia mbele ya hatua.

"Hii ngazi nani alijenga? Muntu anataka kuona kitu ya papa yake, anapanda kama mbuzi ku mlima! Na taa hakuna!"

Taa ilikuwepo. Tonton aliingia, akakagua dari yangu, akasema ina ufa na atairekebisha, akakaa kitandani na kufungua kikopo. Aliishika sarafu kwa ncha za vidole, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Ulisema uyu ni nani?"

"Herakle."

"Hapana. Ni chef."

"Tonton, nimeandika karatasi mbili."

"Ya kwanza ilikuwa nzuri. Ya pili haina nguvu, cachet, ule mhuri, ni ileile. Na uyu mzee ku kiti, angalia vile anakaa. Ile ni kukaa ya mungu? Ile ni kukaa ya directeur."

Nilimwambia kuhusu tai, tai ni alama ya Zeu kila mahali. Akasema hata bendera zina tai. Nikamwambia kuhusu pembe za kondoo dume, kwamba mfalme alipowekwa aliwekewa pembe kwanza. Akataka kujua ni nani aliyeziona hizo pembe. Nilitoa kitabu, akakipinga kitabu. Sauti yake ilipanda, na yangu pia, na nikagundua kwamba ninapiga kelele kwa mtu mwenye umri wa baba yangu na hakuna kati yetu anayeona ubaya wowote.

Chini, maman aligonga bomba la joto kwa mwiko. "Kelele ya nini uko juu? Muko wangapi?"

Tonton alifungua mlango, akainama juu ya ngazi. "Maman, huku si kwako!" alipaza sauti. "Huku ni boîte trois!"